Kaa Aliyepewa Jina la Mama

Narung'ombe, Ruangwa
3 Machi 1952

Mdogo wangu Swalehe Mohamedi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko mvua ya mwaka huu, ambayo kusema kweli si nyingi. Mimi dada yako Sabaha ni mzima, magoti tu ndiyo yanayonisumbua. Mkono unaoandika ni wa mwanangu Zaina, kama ujuavyo, maana mimi na kalamu hatujuani. Ngedere wamemaliza mahindi ya kule bondeni, na mihogo tunailinda kwa makopo na kelele. Shaibu, mume wa Zaina, anakusalimu.

Sasa nikuulize. Dereva wa lori la chumvi katuambia hapa, mbele za watu, kwamba ramani za mashamba ya mradi wa Karanga zimekwisha, wachoraji mmeachishwa, na wewe sasa uko kwa bibi mmoja wa Kizungu unafanya kazi ya kaa. Swalehe! Kaa? Umesomeshwa ukachome makaa? Hata hapa kwetu wanaochoma makaa ni wale walioshindwa kulima. Kama umekwama si urudi nyumbani tu? Jembe lako bado liko darini, halijaliwa na mchwa.

Lakini hilo si lililonifanya nimsumbue Zaina na hali yake. Hali yake ndiyo habari yenyewe. Ana mimba, na kwa hesabu za wanawake atajifungua wakati wa kuvuna ufuta, Idi ikishapita. Akizaa wa kike, nataka awe mama yetu. Mama yuko mwaka wa pili kaburini, jina lake limelala, hakuna aliyeliinua. Mimi ni mwanamke, siwezi. Wewe ndiye mjomba. Ni mdomo wako tu unaoweza kulitoa lile jina la Mwanaima na kuliweka juu ya mtoto, na jina la marehemu huinuliwa mara moja tu. Njoo ulitamke, au kama kazi ya makaa haikuruhusu, lete neno lako kwa barua.

Tangu mama azikwe sina ninayemwita mama. Nataka niite tena. Usikae kimya, nakujua.

Dada yako,
Sabaha

*

Nachingwea
20 Aprili 1952

Dada yangu Sabaha,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, barabara ilikatika, lakini ilipofika nilicheka mpaka jirani yangu akaja kuuliza kuna nini. Hali yangu njema. Mpe Zaina pole na hongera kwa pamoja, na mwambie anywe uji wa ulezi hata kama haupendi.

Dada, sichomi makaa! Huyu ni kaa mnyama, ndugu yake yule wa mtoni anayetuuma vidole tukioga. Ila huyu hakutoka mtoni. Meli ya kupima kina cha bahari ilikuwa nje ya Mtwara, ikateremsha wavu chini kabisa, mahali ambapo jua halifiki na samaki wa kawaida hawaendi. Wavu ulipopanda, alikuwamo yeye peke yake. Mabaharia wakamtia kwenye chupa, wakampa Bibi Tindall, mke wa injinia wa reli, kwa sababu Bibi huyo huko kwao ni mwanachuoni wa kaa. Mumewe akahamishiwa huku Nachingwea, na kaa akapanda treni pamoja na vyombo vya jikoni. Ndiyo maana kiumbe wa chini ya bahari yuko kwenye meza huku kwenye vumbi la karanga.

Bibi amevitazama vitabu vyake vyote na hajamkuta. Anasema ni kaa mpya. Nikamwambia, mpya vipi, naye alikuwako siku zote? Akasema mpaka aelezwe, achorwe na apewe jina, na maneno hayo yapigwe chapa, ndipo wenye elimu watakapokubali kwamba yupo. Yeye anaeleza kwa maneno, mimi nachora. Nilidhani kuchora mto wa Lukuledi ni kazi. Kumbe kazi ni mguu wa kaa! Una vinyweleo, na kila kinyweleo lazima kielekee upande wake. Ganda lake jeupe kama ugali wa muhogo. Ni jike, chini ya tumbo amebeba mayai. Macho hana. Mahali pa macho pana vijiti viwili vidogo tu, maana huko atokako hakuna cha kuona.

Nakutumia kitenge kwa dereva yuleyule wa chumvi, na mwambie aache umbea.

Hilo la jina tutaongea.

Mdogo wako,
Swalehe

*

Narung'ombe
22 Julai 1952

Swalehe,

Salamu. Kitenge kimefika, kizuri, lakini sikuomba kitenge.

Zaina amejifungua salama. Ni wa kike, ana nywele nyingi na sauti kubwa. Ufuta tumeukata na umesimama kwenye vichanja. Mbuzi wa akika alichinjwa siku ya saba, watu wakala, shehe akaja, akamchukua mtoto mikononi, akauliza, "Jina?" Nikamwambia tunamsubiri mjomba wake. Shehe akanitazama. Watu wakanitazama. Mimi nikatazama chini.

Sasa tunamwita Mgeni. Kila anayekuja anauliza mgeni huyu kaja kutembea au kukaa, na wanacheka, na mimi sicheki.

Nilikuandikia mambo mawili. Ukanijibu ukurasa mzima juu ya mdudu na mstari mmoja juu ya mama yako. "Tutaongea." Tutaongea lini, na wewe uko Nachingwea na mimi niko huku? Wewe hujawahi kuwa mtu wa maneno machache. Ukiyafupisha maneno, najua kuna kitu umekifunika. Kifunue.

Sabaha

Mjomba, haya ni yangu mimi Zaina, mama amekwenda kuota moto. Shikamoo. Kila asubuhi anamchukua mtoto na kumnong'oneza kitu sikioni, halafu anaacha katikati kama mtu aliyekumbuka kwamba hajaruhusiwa. Tafadhali jibu.

*

Nachingwea
16 Agosti 1952

Dada Sabaha,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Nimefurahi kwamba ana sauti kubwa. Huku baridi imepungua, mashine za Karanga zinauzwa moja moja kama ng'ombe wa marehemu.

Umesema nifunue. Nafunua. Barua yako ya kwanza ilinikuta jambo limekwisha tendeka, ndiyo maana kalamu iliniishia.

Ilikuwa mwezi wa pili. Siku ile Bibi alimtoa kaa kwenye chupa, akamweka kwenye sahani nimchore kutoka mbele. Miguu yake ya mbele ilikuwa imenyooka, mirefu, myembamba, imetangulia mwili. Dada, unakumbuka mama macho yalipomwishia, mimi bado mtoto? Anavyotoka chumbani kwenda jikoni, mikono mbele, vidole vinaugusa ukuta, havisukumi, vinauliza tu. Ndivyo alivyokaa yule kaa. Na mayai yake tumboni. Mkono wangu ukasimama. Nikasema, bila kujua kama nasema, "Mwanaima."

Bibi akaniuliza hilo neno ni nini. Nikamwambia ni jina la mama yangu. Akauliza alikuwa mtu gani. Nikamweleza: aliyetulea peke yake, aliyekuwa kipofu na akaendelea kupepeta mtama kwa kusikiliza pumba. Bibi akauliza kama nitakubali kaa aitwe hivyo. Wao jina la mwanamke huliwekea mkia kidogo, linakuwa mwanaimae. Litapigwa chapa, na watu wa nchi zote watalisoma. Nikakubali.

Tena nitakwambia ukweli wote: nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikiimba. Niliona nimemjengea mama nyumba ambayo mchwa hawaiwezi. Sikukumbuka kwamba mimi ni mjomba na kwamba mdomo wangu una kazi nyingine. Kaa mwenyewe atapelekwa Ulaya kwenye nyumba ya makumbusho, akae kwenye chupa yake ya spiriti daima, awe shahidi wa wenzake wote walioko chini.

Sasa niambie nifanye nini.

Swalehe

*

Narung'ombe
14 Septemba 1952

Swalehe Mohamedi,

Zaina alipokuwa ananisomea barua yako nilimwambia arudie, nilidhani amekosea kusoma. Akarudia. Nikatoka nje nikakaa kwenye kinu.

Basi umeliinua jina. Mjomba mtu mzima, umelitoa kaburini ukamvika kaa! Mama hakuwa anatembea upande-upande, Swalehe. Alikuwa kipofu na alitembea sawa kuliko sisi wenye macho. Kaa hata kuliwa haliwi katika dini yetu, na wewe umempa jina ambalo mimi siku zote naogopa kulitaja ovyo. Halafu spiriti! Spiriti si pombe? Mama aliyefunga Ramadhani mpaka mwaka wa kufa kwake, leo jina lake linaelea kwenye pombe, ndani ya chupa, Ulaya! Astaghafirullah. Zaina amekataa kuandika mengine niliyosema hapa.

Sikatai kwamba ulimkumbuka. Nami namkumbuka. Nilimwogesha mimi, nilimwongoza chooni mimi, vidole vile unavyovisifu vilikuwa vinaushika mkono wangu, si ukuta tu. Wewe ulimwona ukija likizo. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini ilikupasa kuniuliza mimi kwanza, kabla ya kumjibu Bibi.

Wakwe wamekuja baada ya Idi ya kuchinja. Wamesema kwa adabu, lakini wamesema: mtoto hawezi kuota meno akiitwa Mgeni. Kama upande wa mama umeshindwa, upande wa baba wanalo jina la bibi yao, liko tayari. Nimewaomba wasubiri mpaka mvua zianze vizuri. Baada ya hapo sitakuwa na la kuwaambia.

Ndugu ni ndugu, siwezi kukuvua kama nguo. Lakini nimeumia.

Sabaha

Mjomba, ni Zaina. Mama hali chakula vizuri. Jana kaniuliza, kwa sauti ya chini, hao kaa mayai yao yanafananaje. Je, hakuna jina lingine analoweza kupewa huyo mnyama?

*

Nachingwea
9 Oktoba 1952

Dada yangu,

Shikamoo. Maneno yako yote nimeyapokea, na yale ambayo Zaina hakuyaandika nayo nimeyasikia. Una haki. Nilipaswa kukuuliza kwanza.

Nilikwenda kwa Bibi Tindall nikamwomba alifute jina. Sikujua nitamweleza vipi, nikamweleza tu: kwetu jina ni kitanda, hakilali watu wawili. Bibi hakucheka. Alisema jina likishapigwa chapa hata mfalme hawezi kulifuta, lakini maelezo yake bado yako mezani, anangoja michoro yangu ya mwisho. Atayatuma mwezi wa tatu, wakati atakaporudi kwao. Kabla ya hapo jina linaweza kubadilishwa. Tena amekataa kumpa kaa jina la mumewe au la mkubwa wa meli. Anataka lile litakalotoka kwetu, kwa aliyemchora.

Nimefikiri sana. Majina yetu yote yana wenyewe, walio hai na waliolala. Lipo moja tu ambalo halina mtu. Ni lile nililoitwa kabla sijaingia jandoni. Siku tuliyotoka, vibanda vikachomwa moto, tukaambiwa tusigeuke nyuma, nikawa Swalehe. Lile la utoto likabaki kwenye majivu. Hakuna atakayeliinua, halimdhuru mtu. Nampa kaa.

Ila wajua mwiko. Mimi mwenyewe siwezi kulitamka wala kuliandika, aliyelitupa haliokoti. Na mwingine akimwita mtu mzima kwa jina lile amemtukana tusi lisilo na dawa. Waliolijua wamekufa wote, umebaki wewe, uliyekuwa unaniimbia mgongoni. Mimi mwenye nalo nakupa ruhusa. Niandikie, nilipeleke kwa Bibi.

Najua ninachokuomba ni kigumu.

Swalehe

*

Narung'ombe
2 Novemba 1952

Swalehe mdogo wangu,

Salamu. Korosho zinaanguka, watoto wanashinda chini ya mikorosho na midomo imechubuka kwa utomvu.

Barua yako imesomwa mara moja tu. Mara ya pili sikutaka, nilikuwa nimeelewa.

Unaniomba nikutukane, na ruhusa umenipa. Haya. Lakini hukufikiri, wewe mwenye akili za kuhesabu vinyweleo vya kaa. Mkono wangu ni Zaina. Nitamtamkiaje Zaina jina la utoto la mjomba wake? Baada ya hapo atakuheshimu kwa uso gani? Nikimpata mwandishi mwingine ndiyo mbaya zaidi, kesho wataliimba kisimani.

Basi jina lipo, lipo hapa kwenye ulimi wangu kama punje ya pilipili, na njia ya kulifikisha kwako haipo.

Nimewaambia wakwe wasubiri tena. Baba yake Shaibu amesema mjomba huyu ni mtu gani asiye na neno. Nikamwambia neno analo, ila liko mbali. Tafadhali mwambie Bibi asiharakishe.

Sabaha

Mjomba, shikamoo. Nina habari ya ajabu. Jioni ile baada ya kuandika hapo juu, mama kaniambia nimfundishe kusoma na kuandika. Nikamwambia nimwoneshe herufi anazozihitaji tu, tusichoke. Akakasirika, akasema anazitaka zote, na akaniambia nisijaribu hata kidogo kutazama anazipenda zipi. Sasa anaandika kwa kijiti kwenye mchanga nyuma ya nyumba, na akimaliza anafuta kwa mguu. Herufi ya s anaiandika imegeuka. Magoti yanamuuma kwa kuchuchumaa, lakini haachi. Mimi sichungulii, naapa.

*

[bila tarehe, ilifika Nachingwea mwezi wa pili, 1953]

swalehe

ni mimi sabaha. mkono wangu.
zaina hajui
karatasi nlioshona na uzi usifunguwe mpe bibi ivoivo
nimelia kuliandika. mama ndie alokupa mimi ndie nlokubeba
nisamee
mtoto anatambaa anasubiri

*

Nachingwea
1 Machi 1953

DADA SABAHA,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa, nimeziachanisha. Isome mwenyewe. Usimpe Zaina. Soma polepole, sina haraka.

Sina la kukusamehe. Tulisameheana zamani.

Kwanza neno langu. Mimi Swalehe, mjomba, naliinua jina la mama yetu. Naliweka juu ya mtoto wa Zaina. Huyo ni MWANAIMA. Kaa hana tena sehemu katika jina hilo. Bibi amelikata kwa wino mweusi, nimeona kwa macho yangu. Waambie wakwe. Mwite shehe. Halafu mchukue mtoto, mwite mama, mwite mpaka uchoke.

Pili, karatasi yako. Nilimpa Bibi Tindall ikiwa imeshonwa. Sikuugusa uzi. Nikageuka dirishani, nikaendelea kuchonga penseli. Bibi akakata uzi kwa mkasi. Nilisikia karatasi ikigeuzwa-geuzwa, nikadhani hakuweza kusoma. Nikawa na hofu kwa ajili yako.

Alikuwa anajifunza namna ya kulitamka. Hakujua mwiko. Sikuwa nimemwambia asilitamke mbele yangu, sikufikiri.

Akalisoma kwa sauti. Alilivuta mwanzo na kulikaza mwisho, kama wasemavyo wageni. Lakini lilikuwa lenyewe. Dada, tangu nitoke jandoni sikuwa nimelisikia. Nilijua kwamba napaswa kukasirika. Badala ya kukasirika nilimsikia mama yuko jikoni, ananiita nimshike mkono nimtoe nje.

Nikasema, "Labeka, mama."

Bibi akainua kichwa. Akasema samahani, hakuwa ananiita, alikuwa anasoma tu jina la kaa. Nikamwambia najua, Bibi.

Lakini nilikuwa nimekwisha itika.

Mdogo wako uliyembeba,
SWALEHE